Mazishi ya Meno ya Kipaza

Jino la kwanza lilimdondoka Kipaza akiwa jukwaani, katikati ya sifa za bwana harusi. Lilitoka na neno "mstahimilivu", likagonga maiki, na spika zake kubwa zikalitangaza ukumbi mzima kama mtu anayebisha mlango. Kipaza akainama, akaliokota, akaliinua kwenye taa.

"Ndugu wageni," akasema, "zawadi ya kwanza kwa maharusi imeshatoka. Mimi nimetoa jino. Nyie mliokuja na bahasha tupu, jitafakarini."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mama wa bibi harusi akacheka mpaka kilemba kikamlegea. Hakuna aliyemwona akilisukuma lile jino chini kabisa ya mfuko, kama mtu anayeficha barua ya kufukuzwa kazi.

Mdomo ndio uliokuwa shamba lake. Alikuwa mshereheshaji wa harusi, mahafali, uzinduzi wa maduka, na misiba pia, ambako alifanya bure kwa sababu huwezi kumtoza mtu anayelia. Jina la Kipaza alipewa na watu kabla hajamiliki spika hata moja, kwa sauti yake iliyopita kuta. Lakini sauti bila meno ni mshale bila ncha: itaruka, itafika, haitachoma.

Aliyemuibia meno alijulikana. Kisukari kilimwingia miaka mingi nyuma, kama mgeni asiyebisha hodi, na kama mgeni wa namna hiyo kikaanza kubomoa nyumba kwa vitu vidogo vidogo. Kilianza na macho, kikatia ganzi vidole vya miguu, sasa kimefika kwenye fizi. Kila asubuhi alijidunga sindano tumboni, akaenda kazini kusifu ndoa za watu.

Hospitalini, daktari wa kisukari alikuwa ghorofa ya chini na daktari wa meno ghorofa ya juu.

"Sukari haitashuka huku mdomoni kuna usaha," akasema wa chini. "Panda, wakang'oe."

"Siwezi kung'oa meno sukari ikiwa hivi, kidonda hakitapona," akasema wa juu. "Shuka, wakairekebishe."

Kipaza akapanda, akashuka, akapanda tena, mpaka mlinzi wa ngazi akadhani ni mkuu mpya wa idara na kuanza kumpigia saluti.

"Hawa wawili hawana simu?" Kipaza akamuuliza.

"Wanazo, mzee. Huwa wanatumiana picha za viwanja vinavyouzwa."

Akaenda ofisi ya bima, ambayo ilikuwa ikimkata fedha tangu hajaota mvi. Dada wa dirishani alikuwa mpole kuliko habari alizokuwa nazo.

"Kisukari tunalipia, mzee wangu. Meno hapana. Meno ni urembo."

"Dada yangu, kisukari ndicho kilichoyaharibu."

"Ndiyo. Kuharibika ni ugonjwa. Kurudishwa ni urembo."

Kipaza akamtazama kinywani. Meno ya yule dada yalikuwa meupe, yamejipanga kama vikombe kabatini.

"Na hayo yako, ofisi inayaitaje?"

Dada akafunga mdomo, akamwita anayefuata.

Mwishowe aliyevunja mzunguko ni mke wake, muuza mitumba, mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi kwa kuwa aliolewa nayo yote siku moja. Alimpimia chakula kama mfamasia, akamfichia sukari mpaka ya mgeni, akamtembeza kila alfajiri kuzunguka mtaa kama anayefundisha ng'ombe njia. Sukari ikashuka, si sana, lakini ya kutosha kumfanya daktari wa juu aishiwe na udhuru. Akampiga picha ya taya, akaitazama, akaguna.

"Ya juu yote yatoke. Ya chini nitajitahidi kukuachia machache. Kung'oa si ghali. Kurudisha ndiyo kazi."

Kung'oa kweli hakukuwa ghali. Dunia nzima hutoza kidogo kukupokonya. Lakini seti ya meno ya bandia iliyokaa sawasawa kwenye taya lililoliwa na ugonjwa, bei yake ilikuwa ya pikipiki, tena pikipiki mpya yenye karatasi zake.

"Na nisipoyaweka?" Kipaza akauliza.

"Utakula uji na vitu laini."

"Daktari wa chini amenikataza uji na vitu laini."

"Najua," daktari akasema, na kwa mara ya kwanza akaonekana kama mtu. "Vinapandisha sukari haraka. Wewe unahitaji majani, maharage, karanga, vyakula vya kutafuna. Bila meno, mzee, utarudi kule kule. Na safari ijayo sitakuwa mimi wa kung'oa. Atakuwa mpasuaji, na atakuwa anatazama mguu."

Nyumbani wakakaa na neno hilo mezani kama sahani ya tatu. Mke akasema wauze spika. Kipaza akasema mshereheshaji asiye na spika ni kichaa anayepiga kelele harusini. Basi wakaanza kuwapigia ndugu.

Kaka yake mkubwa, mkandarasi, alisema fedha yake yote imelala kwenye saruji. Ilikuwa imelala huko tangu mtoto wa Kipaza yuko chekechea, na sasa mtoto ana ndevu. Shangazi, aliyekuwa na biashara ya kupika kwenye shughuli, alipokea simu huku sufuria zikigongana nyuma yake.

"Mwanangu, meno ya nini umri huo? Babu yako alikufa akiwa na mawili tu, na hakulalamika."

"Alikufa na umri gani, Shangazi?"

Akafunika sufuria moja. "Alikufa kijana," akakiri, "lakini si kwa meno."

Ikabaki sehemu moja, chama. Ukoo wao ulikuwa na chama cha kuzikana, na Kipaza alikuwa akikichangia kila mwezi bila kukosa. Kilikuwa na fedha hicho chama, si utani. Mwanachama akifa, alizikwa kama waziri: mahema, viti vyenye vitambaa, jeneza linalong'aa, na chakula cha kumfanya jirani aone wivu wa kufiwa. Mahema na viti vilikuwa vya Mwenyekiti, mjomba wake Kipaza. Majeneza yalikuwa ya Katibu, ambaye ni seremala. Chakula kilikuwa cha Shangazi, ambaye ndiye mweka hazina. Chama kililia kwa jicho moja, na kwa lingine kilitazama nauli ya kubebea viti.

Walikutana uani kwa Mwenyekiti, juu ya viti vyake, ambavyo chama kilivilipia kodi hata siku ya kikao. Kipaza akasimama, akaeleza ugonjwa wake na shida yake, kwa sauti ambayo tayari ilikuwa inavuja upepo pembeni.

Mwenyekiti akakohoa. Alikuwa mtu mnene, mwenye huruma nyingi usoni na hakuna kwingineko.

"Mpwa wangu, tumekusikia, na tunakuombea. Lakini chama hiki ni cha kuzikana. Hatutibu. Tukianza kutibu, fedha zitakwisha, na mkifa mtazikwa na nini?"

"Tukitibiwa, Mjomba, huenda tusife upesi."

"Hayo ni ya Mungu," akasema Mwenyekiti. "Tusiyaingilie."

Hapo ndipo mtu mmoja alipogonga chini gongo lake la kutembelea. Alikuwa dereva mstaafu wa malori, shemeji yao, aliyekatwa mguu kwa kisukari hicho hicho. Hakuwa na desturi ya kusema vikaoni.

"Mguu wangu je?" akauliza.

Watu wakamgeukia. Habari ya mguu kila mtu aliijua. Mguu wa Dereva ulipokatwa, mama yake, ambaye bado alikuwa hai, alikataa kata kata nyama ya mwanawe itupwe na hospitali. Chama kikakutana, kikakubaliana kwamba kiungo cha mwanachama ni mwanachama. Mguu ukazikwa kwa hema moja na jeneza fupi, watu wakala, wakalia, wakatawanyika. Dereva mwenyewe alikuwa bado yuko wodini, hakuna aliyekumbuka kumpelekea hata sahani.

"Mguu wangu mmeujengea," akasema Dereva. "Una saruji na maua. Mimi naishi kwenye chumba kinachovuja. Nikifa nataka nilale kwake."

Watu wakacheka, lakini Kipaza hakucheka. Alikuwa anawaza kwa kasi, kama anavyowaza jukwaani bwana harusi anapochelewa.

"Kiungo cha mwanachama ni mwanachama," akasema polepole. "Mjomba, neno hilo bado linasimama?"

"Linasimama," akasema Mwenyekiti, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa amelisema.

"Basi nina msiba. Meno yangu yote ya juu yanatoka, na ya chini mengi. Naomba chama kiyazike."

Kaka mkandarasi akacheka kwa pua. Lakini Mwenyekiti hakucheka. Macho yake yalikwenda kwenye kona ambako mahema yake yalikuwa yamekunjwa. Hakuna aliyekuwa amekufa kwa muda mrefu. Ukoo ulikuwa umeingia katika afya iliyo mbaya kwa biashara. Akamtazama Katibu, naye Katibu akawa tayari anapima hewa kwa viganja, urefu na upana. Shangazi akasema, kana kwamba anajisemea, kwamba mchele umeshuka bei.

"Ni mazito haya," akasema Mwenyekiti. "Lakini haki ni haki. Mguu ulizikwa. Tukiyanyima meno, ukoo utasema tunabagua viungo."

"Mjomba, kuna njia rahisi," Kipaza akasema. "Acheni hema. Acheni jeneza na wali. Fedha ya hayo yote inatosha kunirudishia mdomo."

"Fedha ya kuzikia ni ya kuzikia," akasema Mwenyekiti kwa uchungu, kama mtu aliyeombwa auze kaburi la baba yake. "Au hutaki tena?"

Kipaza akaitikia kwa kichwa. Kisha akauliza swali moja tu.

"Na mfiwa ni nani?"

"Mfiwa ni wewe mwenyewe. Nani mwingine?"

"Sawa," akasema Kipaza, akaketi.

Njiani kurudi nyumbani mke wake, aliyekuwa amekaa naye kikaoni, alisubiri wapite duka la mwisho.

"Wamekudhihaki, na wewe umesema sawa," akasema. "Na umeuliza mfiwa ni nani. Kwa nini?"

"Wewe umekwenda misiba mingapi na mimi?"

"Yote."

"Kapu la rambirambi huwekwa mbele ya nani?"

Mke akasimama. Akamtazama mumewe, mtu mzima, mgonjwa, mwenye mdomo uliovimba upande mmoja, na kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze akaonyesha meno yake yote.

Meno yaling'olewa kwa awamu, kwa sababu ya sukari. Yaliwekwa kwenye kopo la kahawa na kusubiri vidonda vikauke, na mahema ya Mwenyekiti yarudi kutoka mahafali yalikokodishwa. Wakati huo wote Kipaza alikula uji aliokatazwa, akadunga sindano zaidi kuufukuza, akakaa ndani. Harusi tatu alizokuwa ameahidiwa zilimpita. Moja ilichukuliwa na kijana mwenye sauti kama chuma kinachokwaruza sakafu, lakini ana meno. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto kikaanza kubadilika rangi. Mke wake alikitazama kila jioni kwa tochi.

Siku ya mazishi ilikuwa ya jua. Mahema yalikuwa matatu, kwa sababu Mwenyekiti hakuona kwa nini yawe mawili. Katibu alileta sanduku dogo, saizi ya redio, limepakwa vanishi na kuwekewa vishikio vya shaba, na bei yake ilikuwa ya jeneza zima, maana, alisema, kazi ya vitu vidogo huumiza macho. Meno yakamiminwa ndani. Mbebaji alipoliinua yakacheza kama kokoto kwenye debe, na waombolezaji wa mstari wa mbele wakang'ata midomo. Shangazi akakimbia kuleta pamba, akayatandikia, akayafunika, akamnong'oneza Kipaza, "Yapumzike, mwanangu." Alikuwa analia kweli. Ukimvika mtu nguo nyeusi na kumweka chini ya hema, machozi yatatafuta njia yenyewe.

Kijishimo kilichimbwa pembeni mwa mguu wa Dereva. Walipomaliza kufukia, wakarudi chini ya hema, na Mwenyekiti akatangaza kwamba mfiwa ana neno fupi.

Kipaza akasimama mbele ya kiti chake. Miguuni pake palikuwa na kapu, limefunikwa kitambaa cheupe, na mke wake ameketi kando yake akiwa amejitanda. Spika zake mwenyewe zilikuwa kushoto na kulia. Sauti iliyotoka haikuwa ile ya zamani. Maneno yalitoka bila kingo, laini, yamelowa, na ilibidi watu wasogee mbele ili wasikie. Hilo hata yeye hakulitarajia. Kumbe watu wakilazimika kutega sikio, hawawezi tena kupiga soga.

"Ndugu waombolezaji," akasema. "Marehemu walikuwa watulivu. Hawakuwahi kumng'ata mtu, ingawa wanaostahili wengi wao wamehudhuria."

Kicheko kikapita chini ya hema, kifupi, kikitazama huku na huku.

"Walizaliwa kwa maumivu, wakaishi kwa kazi, wakafa kwa kukosa fedha. Wanaume wengi wa ukoo huu wameondoka hivyo hivyo, ila wao hawakuwa na vishikio vya shaba mapema namna hii." Akapumua, akapangusa mdomo. "Nawashukuru waliokuja. Nilipowapigia simu nikiwa mgonjwa, wengi mlikuwa mbali. Leo nimefiwa, na wote mmekuwa karibu. Sasa nitawaita mmoja mmoja mnipe mkono wa pole, maana mkipanga foleni jua litatuchoma."

Hapo alikuwa nyumbani. Kwa miaka mingi alikuwa amewaendeshea wengine kapu hilo, akijua nani huweka kwenye bahasha na nani huingiza mkono mtupu na kuutoa polepole. Alijua kwamba ndugu akiombwa chumbani huwa na udhuru, na akitajwa kwenye spika huwa na pochi.

"Naanza na shemeji yangu Dereva."

Dereva akaja kwa gongo lake. Alitumbukiza sarafu kadhaa, zikasikika. "Wakifika huko," akasema, "wausalimie mguu wangu."

"Umetoa zaidi ya watakaokufuata," akasema Kipaza, tena kwenye maiki. "Sasa kaka yangu mkubwa, mkandarasi, mtu wa majengo marefu. Anyanyuke pale, asione haya. Fedha yake ilikuwa imelala kwenye saruji, lakini kwa msiba wa mdogo wake ameiamsha. Tuisikilize ikiamka."

Mkandarasi alinyanyuka nusu, akaketi, akanyanyuka tena. Mkewe alikuwa anatazama, na wakwe zake, na mafundi wake wawili waliosimama nyuma ya hema. Aliweka bahasha, lakini Kipaza akamshika mkono, hakuuachia, akimtazama kwa upendo, akisubiri, mpaka mkono wa pili ukaingia mfukoni na kutoka na noti.

Akaitwa Katibu. Akaitwa Shangazi, aliyetoa huku akilalamika kwamba sahani zake bado hazijahesabiwa. Wakaitwa binamu ambao simu zao zilikuwa mbovu kila Kipaza alipopiga. Wa mwisho akaitwa Mwenyekiti, ambaye alikuwa amesogea taratibu hadi kwenye nguzo ya hema, kana kwamba anaikagua.

"Mjomba wangu hajawahi kutoka msibani bila kuacha kitu," Kipaza akasema kwa sauti yake mpya iliyolowa. "Viti hivi mlivyokalia ni vyake. Hema hili ni lake. Chama kimemlipa, ndiyo, lakini nani amlipe moyo wake? Mjomba, sogea. Nguzo haitaanguka."

Mwenyekiti akasogea. Alitoa, na alichotoa kilikuwa kikubwa, kwa sababu watu wote walikuwa wameketi juu ya ushahidi wa uwezo wake.

Jioni mahema yalipokunjwa, mke wa Kipaza alijifungia chumbani na kapu. Alipotoka, hakutaja kiasi.

"Kesho uamke mapema," akasema. "Daktari wa meno anaanza saa mbili."

Meno mapya yalimuumiza wiki nzima, yakamkwaruza, yakamfanya aongee kama mtu aliyekopa mdomo wa mwingine. Daktari akayapunguza hapa, akayasugua pale. Kisha siku moja Kipaza akala sahani ya kabichi mbichi, yote, huku mke wake ameketi mbele yake amejishika mashavu, anasikiliza yule mlio wa kutafuna kama mtu anayesikiliza mvua baada ya kiangazi. Sukari ikaanza kutii. Kile kidole kikasita, kikaanza kurudisha rangi. Ugonjwa haukuondoka, ule hauondoki. Ila ulirudishwa sebuleni, ukaambiwa usiguse vitu.

Kikao kilichofuata cha chama kilikuwa na ajenda moja. Mwenyekiti alisimama, hakumtazama mpwa wake.

"Chama kimetafakari," akasema, "na kimeona kiungo kisizikwe tena, isipokuwa mwenyewe awe ameambatana nacho. Tena kwa wale waliokwisha kuzikwa kidogo, gharama ile itakatwa kwenye mazishi yao makubwa. Mpwa wangu, wewe umeshatumia mahema matatu. Siku yako ikifika, hutapata hema."

Watu wakageuka kumtazama Kipaza. Alikuwa ameketi karibu na Dereva, na baina yao kulikuwa na pakiti ya karanga za kukaanga ambayo walikuwa wakiipokezana. Akachukua moja, akaiweka katikati ya meno, akaivunja. Ilisikika uani kote.

"Sawa, Mjomba," akasema. "Nizikeni juani. Mtakaopata joto ni nyie."

Akampitishia Dereva pakiti, akaanza kutafuna.